Makala ya Kwanza ya Shemeji

Kama hujawahi kumwonea wivu mtu unayekula naye sahani moja, shukuru. Wivu wa jirani una dawa yake: unahama mtaa, yamekwisha. Wivu wa shemeji unahama nao, unapanga nao vyombo nyumba mpya.

Fundi saa alikuwa nao tangu alipooa, na kila mwaka ulizidi kunenepa. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi, katika jengo la maduka lililo karibu na mnara wa saa. Palikuwa na meza moja, taa ya kuinama, kabati la kioo lenye mikanda ya saa iliyokwisha kupauka, na kiti cha mteja ambacho siku hizi kilikaliwa zaidi na vumbi. Nani anatengeneza saa dunia hii ya leo? Watu wanatazama saa kwenye simu. Waliomjia walitaka betri, na wengine walikuja kuuliza choo kiko wapi.

Ng'ambo ya korido, mlango kwa mlango, ndipo alipokuwa kinyozi, kaka wa mkewe. Huyo alimwita kila mteja "shemeji", mkubwa kwa mdogo, mpaka jengo zima nalo likamwita Shemeji. Na ukitazama sana, mle jengoni mlikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa shemeji yake wa kweli, na ndiye huyo huyo aliyelitamka jina hilo kwa taabu.

Kwa Shemeji kulikuwa hakukaliki. Benchi limejaa, mlangoni wamesimama, na wengine hata nywele hawana, wamekuja kucheka tu. Alikuwa na mdomo yule bwana! Habari ya kwenda dukani kununua sabuni angeisimulia mpaka mtu aliyepakwa povu shavuni aombe asubiriwe amalize kucheka. Kicheko kikipasuka kule, bisibisi ya fundi huku inateleza. Na jioni nyumbani mke wa fundi, akimmiminia mumewe chai, atasema, "Leo kaka kanipigia simu, nimecheka sina mbavu." Fundi anakunywa chai yake. Yeye hakuwahi kumchekesha mtu mbavu zikaisha.

Lakini asiye na hiki ana kile, na fundi naye alikuwa na chake. Kuna ile ensaiklopidia ya mtandaoni, ya Kiswahili, ambayo yeyote anaweza kuisoma na yeyote anaweza kuiandika. Mle ndani fundi hakuwa mtu wa chini ya ngazi. Mle aliitwa Mzee Chanzo. Jina alijipa mwenyewe, na lilimfaa, maana mtu akiandika jambo bila kuonyesha amelitoa wapi, kitabu gani, gazeti gani, basi Mzee Chanzo huyo hapo: "Chanzo kiko wapi?" Sentensi isiyo na chanzo aliing'oa kama jino bovu. Alikuwa ameandika habari za mito, za madaraja, za madini, na makala moja ndefu kabisa ya konokono. Wageni walipojiunga, yeye ndiye aliyewapokea na kuwaongoza katika makala yao ya kwanza, neno kwa neno, kwa subira ambayo mkewe hakuwahi kuiona nyumbani. Nao walimwandikia, "Asante sana, mwalimu." Mwalimu! Aliyasoma maneno hayo kwenye kompyuta yake kuukuu, lenzi ya kukuzia bado iko jichoni, na siku yake ikawa tamu hadi kufunga kibanda.

Hicho kilikuwa chake peke yake. Shemeji hakuwa nacho, na fundi alilala vizuri kwa kujua hivyo.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja Shemeji alivuka korido, kitana kimechomekwa nyuma ya sikio, akakaa juu ya kile kiti bila hata kukifuta vumbi.

"Shemeji," akasema, "nina shida. Jana kuna mteja mgeni kaniuliza habari za saa ya mnara. Nikamwambia ngoja, kuna ile ensaiklopidia anayoshinda nayo shemeji yangu, humo hakikosekani kitu. Tumetafuta weee! Konokono wamo. Konokono, shemeji, tena kwa kirefu, mpaka wanavyooana. Saa yetu haimo!"

"Konokono wana vyanzo," fundi akasema.

"Haya, sawa. Sasa nataka niiandike mimi. Unifundishe."

Fundi akawaza moyoni. Hata hiki? Una benchi limejaa, una kicheko, una dada yako anayekutaja asubuhi na jioni mbele ya mumewe, sasa unataka kunifuata na huku? Akaokota kibano, akakiweka, akakiokota tena.

"Si kazi ya mchezo," akasema. "Inataka akili."

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na nywele ndiyo kazi yangu." Shemeji akacheka mwenyewe, na watu waliokuwa wakimsubiri mlangoni kwake, ambao hata hawakusikia alichosema, nao wakacheka.

Kulikuwa na jingine lililomchoma fundi, na hili ni la siku nyingi. Saa ile ya mnara ilikuwa imesimama miaka, manispaa wakataka kuishusha wauze chuma chakavu. Fundi ndiye aliyeomba ruhusa ya kuijaribu. Jioni baada ya jioni, akishafunga kibanda, alipanda kule juu, akakaa kwa mwanga wa taa akiichokoa. Gurudumu moja la meno lilikuwa limelika, na la kununua halikupatikana popote. Akachonga jipya kwa shaba, kwa tupa, jino baada ya jino, mpaka saa ikatembea. Siku ya sherehe meya alikata utepe. Akashukuru wafadhili, akashukuru waliopaka rangi, akamshukuru hata aliyekodisha viti. Fundi hakutajwa. Magazeti yakaandika kama alivyosema meya, yakaishia hapo. Tangu siku ile fundi alitembea na jambo hilo kama mtu mwenye kijiwe ndani ya kiatu. Na kuliandika mwenyewe hakuweza, maana sheria ya wahariri ni kwamba mtu haandiki habari zake, na pili, ndiyo hiyo, chanzo hakuna.

Na sasa Shemeji, mtu wa porojo, ndiye aje kuiandika saa ile apigiwe makofi!

Ndipo fundi akasema maneno ambayo Mzee Chanzo hakuwahi kumwambia mgeni yeyote. Kila mgeni alimwambia kinyume chake tangu salamu.

"Wewe andika tu kama unavyosimulia," akasema, sauti laini, anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mambo ya vyanzo usijisumbue. Tutayaweka baadaye."

"Kumbe rahisi hivyo!" Shemeji akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante, shemeji. Ndiyo maana nakupenda."

Watu wengine huandika makala yao ya kwanza kimya kimya, wanafuta, wanaogopa. Shemeji aliiandika kwa makelele. Ananyoa kichwa, anasimama, anaandika sentensi kwenye simu, anaisoma kwa sauti, na benchi zima linamrekebisha. "Sema ilikuwa ikigonga mpaka mbwa wanaamka!" "Usisahau ule mwaka njiwa walitaga ndani!" Mteja mmoja alitoka pale amenyolewa upande mmoja, akarudi kesho yake kudai upande wa pili. Fundi aliyasikia yote kutoka chini ya ngazi. Kazi yake ya upweke, kazi aliyoiheshimu kama sala, ilikuwa imegeuzwa mchezo, na watu walikuwa wakifurahi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba walikuwa wakifurahi.

Makala ilipokamilika Shemeji aliileta simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi.

"Ipitie, shemeji. Lakini uisome mpaka mwisho, tafadhali. Hasa mwisho."

Fundi akasoma. *Saa ya mnara ni saa ambayo ukiisikia ikigonga, hata kama umegombana na mkeo, unajisikia mtu.* Akameza mate. Sentensi ya pili ilikuwa na njiwa. Ng'ambo ya korido kicheko kikapasuka, sijui nani kasema nini, na fundi akahisi kana kwamba anachekwa yeye. Akairudisha simu.

"Safi. Ichapishe."

"Umefika mwisho?"

"Nimefika."

Uongo mtupu! Shemeji alimtazama kidogo, kama mtu aliyetarajia neno jingine, kisha akavuka korido kurudi kwake. Punde zikasikika shangwe. Makala imepanda.

Fundi akavuta kompyuta. Jicho lenye lenzi, jicho lisilo na lenzi, yote mawili yalikuwa makavu. Mzee Chanzo akaweka alama juu ya ukurasa ule: *Hakuna chanzo hata kimoja. Lugha ya kijiweni. Napendekeza ifutwe.* Kwa kawaida jambo kama hilo hujadiliwa kwanza, watu wakatoa maoni, lakini neno la Mzee Chanzo lilikuwa na uzito. Msimamizi mmoja aliyemwamini sana hakungoja mjadala. Kabla jua halijashuka, makala ya Shemeji ilikuwa haipo.

Kule kinyozini kukanyamaza ghafla. Kisha sauti zikaanza.

"Huyu Mzee Chanzo ni nani?"

"Mtu mwenye roho ya kutu huyo."

"Hana mke. Nakuapia, mtu kama huyo hana mke."

Fundi aliinamia saa moja ambayo haikuwa na ubovu wowote. Alisubiri furaha ije. Ilikuja kweli, tamu, ikakaa kidogo, halafu Shemeji akatokea mlangoni bila kitana sikioni na bila kicheko.

"Wameifuta," akasema. "Labda mimi si mtu wa kuandika. Kila mtu na alichojaliwa."

"Pole," fundi akasema. "Ndivyo walivyo wale."

Jioni mke wa fundi alimimina chai, lakini hakuileta mezani. Alibaki nayo mkononi.

"Kaka alinisomea alichoandika, juzi kwenye simu," akasema. "Nililia."

"Unalilia njiwa?"

"Nakulilia wewe! Hukusoma pale mwisho? Kaeleza ulivyoitengeneza ile saa. Kaeleza ulivyosimama siku ile nyuma ya watu hakuna anayekutaja. Akaniambia, dada, wamemsahau shemeji, basi mimi nitamwandika. Sababu ya kuandika yote ile ilikuwa hiyo, mengine ni kachumbari tu. Na akasema nisikuambie, anataka usome mwenyewe." Akaweka kikombe chini. "Sasa leo ananipigia analalamika kuna mtu kaifuta. Mtu anaitwa Mzee Chanzo."

Loo! Fundi hakujua autie wapi uso. Mkewe alilijua jina lile. Yeye mwenyewe ndiye aliyetamba nalo mbele yake mara ngapi, Mzee Chanzo kasifiwa, Mzee Chanzo kashukuriwa. Mama wa watu akakisogeza kikombe mbali naye.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," mkewe akasema. "Mimi sitamwambia. Ila makala ya kaka yangu irudi ilikotoka."

Asubuhi yake fundi aliwahi kibandani kuliko siku zote, akamwandikia msimamizi: *Nilikosea. Naomba ukurasa ule urudishwe kwa mwandishi wake kama rasimu, nitamsaidia mwenyewe kuutengeneza.* Neno "nilikosea" halikuwahi kutoka kwenye vidole vya Mzee Chanzo, na msimamizi alishangaa, lakini akaurudisha. Fundi akaruka sentensi ya mke, akaruka njiwa, akaruka mbwa, akaenda moja kwa moja mwisho.

*Saa hii ilikuwa imekufa na watu walishaizoea maiti yake. Aliyeifufua ni fundi saa wa chini ya ngazi, jengo la maduka. Alipanda mnarani kila jioni, mtu mmoja akimshikia taa, akachonga gurudumu la meno kwa mkono wake kwa kuwa la kununua halikuwepo. Siku ya sherehe walitajwa watu wote isipokuwa yeye. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, grisi bado iko kwenye kucha. Wenzake walikuwa wanatazama jukwaa, yeye anatazama saa. Ukipita pale ukajua ni saa ngapi, umeambiwa na yeye.*

Akasoma. Akasoma tena. Pale penye mtu wa kushika taa alipita haraka kila mara, kama anavyopita mtu mbele ya mlango wa nyumba aliyokosana nayo. Pengine pote alituama. Lenzi ilijaa maji ikabidi aivue. Miaka yote alingoja mtu aandike maneno yale, na yalipoandikwa akayafuta kwa kidole chake mwenyewe, bila kuyasoma.

Akavuka korido. Sikumbuki kama aliwahi kuivuka kwa hiari yake.

"Wameirudisha," akasema. "Sasa tuitengeneze vizuri. Na nisamehe, mambo ya vyanzo yanaanza leo, si baadaye."

Basi akamfundisha kikweli. Walikwenda maktaba wakafunua magazeti ya zamani mpaka pua zikajaa vumbi. Walipata mwaka mnara ulipojengwa, wakapata jina la kiwanda kilichounda saa, wakapata hotuba ya meya, yote, pamoja na shukrani kwa mkodishaji viti. Akamfundisha kuweka tanbihi chini ya ukurasa, kila jambo na mahali lilipotoka. Akamfundisha kutosifu. "Usiseme ni saa nzuri. Sema urefu wa mshale wake, msomaji ataona mwenyewe kama ni nzuri." Mke na mbwa wakaondoka. Njiwa walibaki, kwa sababu, amini usiamini, walikuwa gazetini.

Na Shemeji alishika! Hapo wivu ukampanda fundi upya, maana wageni wengine walihitaji kuambiwa mara kwa mara, huyu aliambiwa mara moja. Tena akalichukua lile swali la Mzee Chanzo akalipeleka kinyozini. Mteja akisema, "Jana nimekula kuku mzima peke yangu," benchi zima linaitikia, "Chanzo kiko wapi?" Wanaangua kicheko. Fundi alikuwa ameliuliza swali lile miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kutabasamu. Kinywani mwa Shemeji limekuwa kichekesho cha jengo. Jamani, hata swali lake!

Ikabaki ile aya ya mwisho. Kila sentensi ya makala ilikuwa na tanbihi yake, isipokuwa pale. Fundi alijua. Mtu aliyekuwa akiona sentensi isiyo na chanzo kutoka upande wa pili wa dunia, hii aliipita na kuipita tena, anajifanya hamnazo. Moyoni alijiambia, aya moja tu, katika mamia ya kurasa, itamdhuru nani?

"Hii ya mwisho," Shemeji akauliza siku ya kumalizia, wembe mkononi, mteja mbele yake, fundi amesimama nyuma yao. "Chanzo chake ni nini?"

"Wewe si uliona kwa macho yako?"

"Niliona."

"Basi."

"Ulinifundisha kuona kwangu si chanzo, mpaka kuwe kumechapishwa mahali. Yule Mzee Chanzo ataifuta tena."

"Mzee Chanzo hataigusa," fundi akasema, haraka mno.

Shemeji akanyanyua macho. Akamtazama fundi kupitia kioo kikubwa cha ukutani, akamtazama tu, muda ambao mteja mwenye povu alianza kupata wasiwasi na shingo yake. Kisha akarudi kwenye wembe.

"Sawa," akasema. "Kesho asubuhi naichapisha."

Kesho yake fundi hakuwasha hata taa ya meza. Alifungua kompyuta gizani chini ya ngazi, na makala ilikuwa pale, *Saa ya mnara*, imesimama wima, safi, kila jambo na nambari yake ndogo. Safari hii alisoma tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwisho ulikuwa hotuba ya meya.

Akashuka na ukurasa, akapanda, akashuka tena. Aya yake haipo. Akafungua historia ya ukurasa, pale panapoonyesha nani kagusa nini. Aliyeiondoa aya ile alikuwa mwandishi mwenyewe, na maelezo yake yalikuwa mafupi: *Naondoa aya ya mwisho. Haina chanzo. Nimefundishwa hivyo na mwalimu wangu.*

Fundi alipaliwa na hasira kwanza, sitaficha. Halafu hasira ikakosa pa kushika. Yeye alifuta kitu ambacho hakukisoma, kwa kijicho. Mwenzake alifuta kitu alichokiandika kwa mkono wake, kitu alichokipenda, kwa sababu ndiyo sheria. Nani sasa aliyekuwa mhariri kati yao? Alimwonea Shemeji wivu wa benchi, wivu wa kicheko, wivu wa dada yake, na leo alimwonea wivu huu mpya, mkali kuliko yote.

Akavuka korido. Kinyozini kulikwisha kujaa, na kwenye kiti alikaa mteja mgeni, amefungwa shuka shingoni.

"Umeifuta," fundi akasema.

"Nimeifuta."

"Nilikuambia Mzee Chanzo hataigusa."

"Najua. Ndiyo maana." Shemeji alizima mashine ya kunyolea. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu na shemeji yake, ingawa benchi lilikuwa na masikio. "Jana kwenye kioo nilikuona uso ukikubadilika, nikajua Mzee Chanzo ni wewe. Jioni nikaenda kusoma ukurasa wako kule. Shemeji, watu wanakuita mwalimu! Mimi nimekaa mbele yako miaka yote hii sijui. Sasa waje waseme Mzee Chanzo anafuta ya wenzake, ya kwake anaiacha? Kwa ajili ya aya yangu? Hapana. Kinyozi hajinyoi, na wembe ukikuangukia wewe, nilisema bora niushike mimi."

Mmoja aliyesema Mzee Chanzo hana mke alianza kukagua viatu vyake.

"Na ile ya kwanza," Shemeji akauliza, "uliifuta kwa nini?"

Angeweza kusema sheria. Maneno yalikuwepo mdomoni, tayari.

"Wivu," fundi akasema.

"Wivu wa nini, jamani?"

"Wa benchi lako."

Shemeji akalitazama benchi lile, ubao uliochakaa, watu wamebanana, kana kwamba analiona leo. Akaokota kitana, akapuliza nywele ambazo hazikuwamo.

Aliyewaokoa ni yule mgeni wa kwenye kiti. "Samahani," akasema chini ya shuka, "mnazungumzia saa ipi? Hiyo hapo nje?"

Hee! Kumuuliza Shemeji swali la namna hiyo. Uso wake ukawaka. Akawasha mashine, akaizima, akaanza. Akasimulia saa ilivyokufa, akasimulia fundi alivyopanda gizani, ngazi zinatikisika, upepo unavuma, na kule juu popo, shemeji, popo wakubwa kama mwavuli, wanamrukia usoni na tupa iko mkononi! Benchi likacheka, likatulia, likacheka. Fundi alisimama mlangoni akisikiliza. Zilikuwa sifa zake, na bado zilikuwa tamu kwa sababu ya mdomo wa mtu mwingine. Wivu ulimla palepale, anasifiwa na unamla. Alipofika kwenye meya na viti vya kukodi, sauti ya Shemeji ilishuka, na hata yule mgeni aliacha kupumua.

"Na huyo fundi yuko wapi siku hizi?" mgeni akauliza.

Shemeji akaelekeza kwa kitana. "Huyo hapo mlangoni. Muulize mwenyewe."

Mgeni akageuka na shuka lake. Benchi zima likageuka. Walikuwa wanamngoja yeye, kitu ambacho hakijawahi kumtokea.

"Ni kweli yote hayo, mzee?"

Fundi akakohoa. Akamtazama Shemeji, ambaye katika aya nzima ile, na katika hadithi yote hii, hakuwa amejitaja hata kwa bahati mbaya.

"Popo hawakuwepo," akasema. "Na taa aliishika yeye."